Kasha la Mavyaa

Boya la tanki lilikatika Ijumaa baada ya sala, wageni wa wifi yangu wakiwa wameshaanza kuvua viatu mlangoni. Nyumba yetu iko Al-Khoudh, upande wa Seeb, ghorofa mbili, na juu kabisa kuna chumba kidogo ambacho mavyaa hukiita stoo. Ndimo anamolala binti wa Tanga anayefanya kazi kwetu. Tanki la maji limekaa ubavuni mwa chumba hicho, juani. Pampu iliwashwa ili maji yawatoshe wageni, tanki likajaa, boya halikufunga, na bomba la kutolea ziada lilikuwa limezibwa na vumbi la kiangazi kizima. Maji yakapita chini ya mlango wa stoo, yakatanda sakafuni, yakalifikia kasha la mavyaa.

Kasha hilo lazima nilieleze, maana bila ya hilo kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Ni la mbao nzito, lina njumu za shaba, na mavyaa alilinunua Mji Mkongwe miaka ya tisini aliporudi Unguja mara ya kwanza kutazama alikozaliwa. Alilichukua kwa kuwa linafanana na la mama yake, lililobaki Bumbwini mwaka 1964. Mapinduzi yalipotokea, tarehe 12 Januari, mavyaa alikuwa na miaka tisa. Baba yake hakurudi nyumbani siku ile wala siku nyengine. Mama na watoto wakatoka na walichovaa. Wakakaa Dubai kwanza, kwa kuwa Oman ya Sultani Said bin Taimur haikuwafungulia mlango kirahisi watu waliotoka Unguja, mpaka Qaboos alipokalia kiti Julai 1970 na kuwaita Waomani walio nje warudi kuijenga nchi. Nchi ilihitaji waliosoma, na Unguja ilikuwa na skuli. Mavyaa akawa mwalimu. Katika chumba cha walimu wenzake walimwita Mzinjibari, wakamuuliza kabila lake na kisha wakamuuliza tena, wakakicheka Kiarabu chake. Hiyo ndiyo hadithi ya nyumba yetu, na wanangu wameijua kabla ya kujua kusoma.

Mimi ni mke wa mwanawe mkubwa. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na niliolewa zama zile Muomani akitaka kuoa mgeni mpaka apate kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, sharti ambalo liliondolewa mwaka 2023 kwa amri ya Sultani Haitham. Kibali chetu kilichelewa, lakini kilichotutesa zaidi kilitoka ndani ya ukoo. Ami yake mume wangu alisema mimi si kufu yao. Hakuficha kwa nini. Bibi yake bibi yangu aliletwa Unguja mtoto, kutoka bara, akafanya kazi kwenye shamba la karafuu la watu, na hilo ami alilijua kwa kuuliza huku na huku. Aliyesimama siku ile kunitetea ni mavyaa. Alimwambia shemeji yake kwamba yeye mwenyewe ameitwa Mzinjibari maisha yake yote na hatakubali nyumba yake igeuke kuwa pahala pa kupimia watu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaandika juu ya mtu ninayempenda na ninayewiwa naye.

Wifi yangu ni mwanawe wa mwisho, msomi, msemaji, mwenye kuamini kazi yake. Ana kundi la wanawake waliokuwa wakikutana kwetu kila Ijumaa alasiri: walimu, muuguzi, mwanasheria mmoja, wengine wamestaafu. Safari hii walikuwa wakiandaa maneno ya tarehe 17 Oktoba, Siku ya Mwanamke wa Oman, iliyotokana na kongamano la wanawake lililofanyika Sohar mwaka 2009. Walichokichagua kilikuwa kizito na cha haki: mama Muomani aliyeolewa na mgeni hampi mtoto wake uraia kama baba Muomani anavyompa wake. Wamo katika kundi lile mama wanaokata upya ukaazi wa watoto waliowazaa wenyewe, hapahapa Maskati. Mmoja wao akizungumza, chumba kizima hunyamaza.

Na alikuwa akizungumza yeye maji yalipoanza kudondoka kwenye taa ya majilisi.

Wifi alimwita binti wa Tanga, "Dada! Chai! Na lete taulo!" Akaita tena. Kimya. Mwanangu wa pili ndiye aliyeshuka ngazi mbio akasema Dada hawezi kuja, amelishika tanki. Nilipanda. Nikamkuta amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja umezama tankini hadi begani, ameliinua boya kwa nguvu zake ili maji yasimame, nguo zimemganda mwilini, na miguu yake ina maji mpaka kwenye vifundo. Hakuwa na njia ya kuachia akaite mtu. Tangu alfajiri alikuwa jikoni akikaanga sambusa na katlesi za wageni, kisha akapelekwa juu kuwasha pampu, na hapo ndipo alipokuwa. Mume wangu akaja akaifunga koki ya chini. Binti akautoa mkono, vidole vimekuwa vyeupe na vimekunjamana.

Tukaingia stoo. Godoro lake lilikuwa limelowa. Kasha lilikuwa limeegemezwa ukutani karibu na mto wake, kiasi kwamba akinyoosha mkono usiku analigusa, na maji yalikuwa yameingia kwa chini, mbao zilipoachana kwa ukavu wa hewa ya hapa. Mavyaa akapanda akihema, ufunguo ameutoa kwenye kipochi chake, akafungua mwenyewe. Alianza kutoa vitu na kutupokeza: kanga mbili za mama yake, picha zilizogandana, cheti cha skuli, hati ya shamba la Bumbwini ambalo serikali ilishalichukua na kuligawa eka tatu tatu kabla hata yeye hajavunja ungo. Chini ya hati kulikuwa na mfuko wa plastiki wa dukani, umefungwa fundo. Ndani ya mfuko mlikuwa na bahasha yenye picha ndogondogo za wasichana waliomtangulia binti kufanya kazi kwetu, na pasipoti moja ya Tanzania, imelowa, jalada limevimba.

Binti aliitambua kabla yetu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe ilikuwa humu humu."

Alikuwa ameiulizia. Wakati wa Ramadhani alipata habari kuwa mama yake kalazwa hospitali ya Bombo, akataka kujua pasipoti yake iko wapi ili ajue kama anaweza kwenda. Aliambiwa imehifadhiwa pahala salama, na safari itazungumzwa baada ya sikukuu. Sikukuu ikapita. Muda wote ule alikuwa akilala hatua moja kutoka hapo, na ufunguo uko ghorofa ya chini.

Chini, wageni walikuwa wameinua mikoba yao juu ya meza. Habari ilishuka haraka kuliko maji. Mwanasheria, mwanamke mtaratibu, aliuliza tu: "Pasipoti yake ilikuwa kwenu?" Na hapo ndipo kikao kilipovunjika, kwa swali hilo moja, baada ya kuistahimili dari inayovuja.

Wifi alijibu kwamba pasipoti ilihifadhiwa, haikunyang'anywa. Mwanasheria akasema upo waraka wa wizara tangu 2006 unaokataza mwajiri kuzuia pasipoti ya mfanyakazi. Wifi akasema hilo analijua, lakini leo wana jambo lao, jambo la uraia, lililochukua muda mrefu kufika hapa. Wakichanganya na habari za wafanyakazi wa nyumbani, wanaume watapata cha kusema, wataambiwa wamechukua ajenda ya wageni, na watakosa yote mawili. Muuguzi akamuunga mkono. Mwengine akasema hakuja kwa watu kutiwa hatiani, kila mtu ana mtumishi nyumbani kwake na kila mtu anajua anavyomtendea. Akavaa viatu akaondoka. Yule mama wa watoto wasio na uraia alibaki kimya kwenye kona yake. Nilimtazama sana. Sikuweza kujua anawaza nini, ila sambusa mkononi hakuila.

Nataka niseme waziwazi kwamba hoja ya wifi ina uzito wake. Wanaopigania jambo dogo mbele ya mamlaka makubwa hujifunza kuchagua. Lakini nilikuwa nimetoka juu, nimeona mkono ule ndani ya tanki, na niliona kwamba kila "leo si wakati wake" katika chumba kile ilitoka kwa mtu aliyekuwa na chai mbele yake. Wanawake walewale walikisoma kitabu cha Jokha Alharthi, riwaya iliyopata tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2019, na wifi mwenyewe ndiye aliyewasomea kwa sauti habari za Zarifa, mjakazi aliyemlea mtoto wa bwana wake, na ambaye mwanawe Sanjar aliitupa mkono Oman akaenda Kuwait asiitwe tena mtu wa mtu. Walimlilia Zarifa. Kilio kile kilikuwa cha kweli, nami nilikuwamo.

Wageni walipoondoka ndipo nyumba ilipogombana yenyewe.

Mavyaa alianza. "Tumemkosea nini mtoto huyu? Anakula tunachokula. Simu anayo. Jino lilipomuuma nani alimpeleka?" Yote kweli. Bavyaa, mumewe, alikuwa ameamshwa usingizini, kanzu imelowa pindo, akasema mambo ya watumishi ni ya wanawake na yeye haingilii. Mavyaa akamgeukia: kafili, mdhamini wake, ni nani? Jina la nani liko kwenye karatasi? Nani alisema pasipoti ifungiwe, baada ya yule msichana wa kwanza kuondoka usiku na wakala akakataa kurudisha pesa? Bavyaa akasema yeye alisema ihifadhiwe, hakusema ifichwe, na ufunguo hajapata kuushika. Mume wangu akasema yeye alikuwa kazini. Nilitazama mzunguko ule kwa makini, kwa sababu ndio ufunguo wa kisa chote. Mwanamme ana sahihi, na anasema mambo ya ndani si yake. Mwanamke ana funguo, na anasema mamlaka si yake. Wote wawili wamesema kweli, na baina ya kweli mbili hizo pasipoti ya binti wa watu imelala kashani mwaka na zaidi bila ya mwenye kuijibia.

Hatimaye bavyaa alisema neno ambalo nilijua litakuja, maana huja kila mara mazungumzo yakifika pahala hapa. "Sisi ndio tuliotendewa. Nani aliuliza pasipoti zetu mwaka sitini na nne?" Akataja babu wa mume wangu. Akataja Septemba 1970, Unguja, wasichana wenye asili ya Kiajemi walipoozwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Akauliza walikuwa wapi siku ile watetezi wa wanawake. Na baada ya hapo akaenda kabatini akakitoa kitabu cha Bibi Salme, akakipiga piga kwa kiganja. Hata Salme kaeleza, akasema: watumwa wa kwetu hawakuwa kama wa Marekani, walikuwa watu wa nyumbani, waliozwa, walipewa mashamba.

Alisema hivyo mbele yangu. Sidhani kama alikumbuka mimi ni nani. Mavyaa alikumbuka, maana aliinamisha kichwa.

Salme binti Said, binti wa Sultani, namjua vizuri, na ninamhurumia. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkasi. Yeye mwenyewe alitoroka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, akawa Emily Ruete, akafiwa na mume mwaka 1870 katika ajali ya gari la reli la mjini, akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi ambapo watu walimtazama kama kitu cha maonyesho. Alipotoa kitabu chake mwaka 1886 alikuwa amechoka kuambiwa na Wazungu kuwa kwao ni ushenzi. Basi akatetea kwao. Akaandika sura nzima kuonyesha kuwa mwanamke wa Mashariki hali yake si mbaya kama Ulaya inavyodhani, na humo pana mengi ya haki. Akaandika na sura ya utumwa, akautetea nao. Mwanamke aliyezaliwa na mwanamke aliyenunuliwa, aliyenyimwa urithi na ndugu zake, aliyedharauliwa kwa rangi na dini Ujerumani, hakuweza kuwasikia waliolima mashamba yake. Donda lake lilikuwa la kweli. Alilishika mbele ya uso wake kama ngao, na nyuma ya ngao ile hakuona kitu.

Nilimwambia bavyaa, kwa adabu ninayomuwekea, kwamba waliyotendewa mwaka 1964 ni dhulma, na mtoto wa miaka tisa aliyepoteza baba hakuwa na deni la mtu yeyote. Pia nilimwambia kwamba Dada wa Tanga hakuwapo Unguja mwaka 1964.

Akasema utumwa umekwisha zamani. Umekwisha, lakini jinsi ulivyokwisha ndiyo habari yenyewe. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Amri ya kuondoa utumwa Unguja ilitoka 1897, na ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, aonyeshe ana pa kukaa na pa kupatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri ile. Walihesabiwa ni mambo ya ndani ya nyumba, mithili ya wake, na wakangojea mpaka 1909. Hapa Oman utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970, mwaka uleule mavyaa na watu wake walipoitwa warudi. Kisha ikaja Sheria ya Kazi ya mwaka 2003, ikawapa wafanyakazi haki zao, na watumishi wa nyumbani ikawataja ili kuwatoa tu. Wakawekewa kanuni zao pembeni mwaka uliofuata, nyepesi kuliko za wengine. Mara mbili, miaka zaidi ya mia baina yake, sheria imetembea mpaka mlangoni mwa nyumba ikasimama, na aliyekuwa ndani ya mlango ni mwanamke asiye na ukoo hapo. Human Rights Watch walipotoa ripoti yao ya 2016 juu ya watumishi wa nyumbani Oman waliiita "Niliuzwa". Mwaka uliofuata walitoa nyengine, ya Watanzania waliofanya kazi Oman na Emirati, na kuchukuliwa pasipoti ni malalamiko yaliyojirudia humo. Bavyaa huzichukia ripoti hizo. Husema zinawatia Waarabu wote katika kapu moja. Lakini yeye mwenyewe, jioni ile, aliposhindwa maneno, alisema: "Nimelipa pesa kwa wakala. Akikimbia nani atanirudishia?" Nilimwomba alisikilize neno hilo alivyolisema. Hakujibu.

Nikamweleza pia, kwa mara ya kwanza, habari za bibi wa bibi yangu. Alivaa kaniki, nguo nyeusi ya bei rahisi iliyowatambulisha watumwa, na alipopata uhuru kitu cha kwanza alichokifanya ni kuiacha kaniki na kununua kanga. Wenzake wengi walifanya hivyo, na baadaye wakavaa buibui kama mabibi wa mjini. Walihamia ng'ambo ya hori, ndiyo Ng'ambo yetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba akipewa jina la Mtumwa, akaja kuwa sauti iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima, alitokana na watu haohao, na waliomwonea wivu hawakuchoka kumkumbusha. Bavyaa anazipenda mno nyimbo za Siti. Alikaa akinisikiliza, kisha akasema amechoka, akaenda kulala. Sikuona ubaya, ni mtu mzima, na kuna mambo mtu hayamezi kwa usiku mmoja.

Tulibaki wanawake na karatasi mbichi.

Mavyaa alileta kile kianikio cha nguo cha ndani ya nyumba, cha kukunjua, akakiweka sebuleni chini ya feni. Tukaanika picha, cheti, hati ya Bumbwini. Binti alikaa chini na pasipoti yake mapajani, mimi nikashika mashine ya kukaushia nywele, na yeye akawa anazitenganisha kurasa kwa ncha ya kisu cha siagi, ukurasa mmoja baada ya mwengine, akitia karatasi laini katikati ili zisigandane tena. Kazi ile inataka subira. Ukurasa ukivutwa haraka unachanika, na wino wa mihuri ulikuwa umeshaanza kusambaa. Ule wenye muhuri wa kuingilia Oman ulitoka na wingu la buluu pembeni. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Tulipofika ukurasa wa picha aliupangusa kwa upindo wa kanga yake akajitazama kidogo, kisha akaendelea.

Mavyaa akaanza kuhadithia. Alisema bandarini Unguja mama yake alivuliwa mkufu, akapekuliwa, akanyang'anywa karatasi alizozishona ndani ya gauni la mtoto. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe," alimwambia binti, "na mtu akishakuchukulia karatasi zako anakuwa amekushika roho."

Binti alisema, "Pole, mama." Akangoja kidogo. "Na mimi mama yangu alikuwa hospitali mwezi wa Ramadhani."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, mama."

Mavyaa alifungua mdomo. Nilidhani atasema tena ya jino na ya simu, kwa kuwa niliona yanakuja usoni. Hakuyasema. Aliuliza, "Amepona?" Binti akasema amepona, lakini hasikii vizuri sikio moja. Wakazungumza juu ya mama yule muda mrefu, mavyaa akiuliza na binti akijibu: analima nini, yuko na nani, ni Muheza au Tanga mjini. Mwaka na zaidi walikuwa wamekaa nyumba moja, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mavyaa akimuuliza habari za kwao. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika vikombe vichafu vya wageni wake. Alivipeleka jikoni na nikasikia bomba likifunguliwa.

Pasipoti haikufaa tena. Jumapili nilikwenda na binti ubalozi wa Tanzania. Njiani tuligombana na mume wangu kwa simu kuhusu nani atalipa ada, yeye akiona ni ajali ya maji, mimi nikiona pasipoti iliyokaa mkobani mwa mwenyewe isingelowa maji ya tanki letu. Alilipa. Na ilipotoka mpya binti aliipokea kwa mkono wake dirishani, akaitia ndani ya pochi, akafunga zipu. Bavyaa alipouliza jioni iko wapi, alijibu mwenyewe: "Ninayo, baba." Bavyaa alisema jina lake ndilo litakaloandikwa akitoroka. Ni kweli, na ni hofu aliyotiwa na utaratibu wenyewe wa ukafili, unaomfanya mzee wa watu awe mlinzi wa mtu mzima mwenzake. Nilimwambia hofu hiyo aichukue kwa wizara na kwa wakala, si kwa binti.

Ijumaa sasa ni mapumziko ya binti, na hutoka asubuhi kwenda Ruwi kwa wenzake wa Tanga na Singida. Kikao cha wifi kimehamia Jumatatu usiku. Wawili hawaji tena. Mwanasheria anakuja, na yule mama wa watoto wasio na uraia naye anakuja, na ndiye aliyesema katika kikao cha kwanza baada ya mafuriko kwamba yeye anajua maana ya kumsubiri mtu mwengine atie sahihi ndipo mtoto wako asafiri, na kwamba haoni tofauti ya kilio chake na cha binti wa stoo. Wifi hakulipenda neno hilo. Aliliandika lakini, nimeiona karatasi.

Mkataba wa binti unakwisha na amesema hatauongeza, anarudi kwa mama yake. Mavyaa aliumia. "Baada ya yote haya?" aliniuliza jikoni, na nikaona kwamba kwake yeye usiku ule wa kuanika karatasi ulikuwa umemaliza jambo. Kwa binti haukuwa umemaliza chochote isipokuwa pasipoti. Mavyaa ameshaanza kuulizia msichana mwengine kwa wakala. Nimemwambia, mbele ya bavyaa na wifi, kwamba huyo ajaye atafika na pasipoti yake na atakaa nayo, Ijumaa yake itaandikwa ndani ya mkataba, na atalala chumba cha chini chenye dirisha. Bavyaa akasema nyumba hii bado ina mwenyewe. Wifi akasema tungoje kwanza tarehe 17 ipite. Nikamwambia yaingie yote mawili tarehe 17, la uraia na hili, na kama hana wa kulisema hili nitalisema mimi.